Mguu Usiguse Chini

Jumatatu, 24 Februari

Mchungaji Reetta kaja asubuhi. Binti mpole, miwani imejaa ukungu tangu mlangoni. Daktari ameshamwambia: moyo wangu ni pampu iliyochoka, huenda kiangazi hautakiona. Akanishauri niandike kila siku jambo linalonilemea rohoni. Niungame taratibu, bila haraka, ili siku yenyewe ikifika niwe mwepesi.

Ushauri mzuri. Naanza na dhambi ya leo, maana bado mbichi.

Aliniuliza kama nimeachana na baiskeli. Nikasema nimeachana nayo. Wakati huo nilikuwa nimepakata tairi la mbele chini ya blanketi, nikilitia skrubu. Akaniombea, mkono wake juu ya tairi, akidhani ni goti. Akasema, pole mzee Aulis, hili goti limekakamaa kweli. Nikaitikia amina.

Sijutii. Sasa nina tairi lililobarikiwa.

Jumanne, 25 Februari

Nimemaliza. Skrubu zimepenya kutoka ndani kwenda nje, ncha zinang'aa kama meno ya papa. Hizo ndizo zitakazouma barafu. Nimefundisha fizikia hapa Oulu, kaskazini mwa Ufini, mpaka nikastaafishwa: uzito uleule, ncha ndogo, mgandamizo mkubwa. Hesabu haina makosa. Skrubu nimezitoa kwenye rafu ya jikoni. Naungama hilo pia, kwa ufupi.

Vilho, jirani, akaja kuchungulia. Daktari wa meno mstaafu. Ana matairi ya dukani yenye vichuma vidogo, anapita kwenye barafu kama anatembea juu ya zulia. Anaudhi. Aliinama, akavaa miwani, akalitazama tairi langu kama alivyokuwa akitazama kinywa changu. Akatoa hukumu: Mwalimu, haya si meno, huu ni ugonjwa wa fizi.

Nikamwambia afunge mdomo. Maisha yake yote kawaambia watu wafungue!

Nikajaza upepo. Vichwa vya skrubu vikatoboa tyubu. Mlio kama bata bukini aliyekanyagwa. Vilho alicheka mpaka akashikilia uzio.

Saa hiyohiyo rafu ya jikoni ikaanguka na vikombe vyote. Na saa hiyohiyo binti yangu Marjukka akaingia, katoka mjini kwake Kajaani, kaniletea supu. Mambo mengine Mungu huyapanga kwa ubaya tu.

Jumatano, 26 Februari

Vita siku nzima. Marjukka kaninunulia kigari cha kutembelea, kile cha wazee, magurudumu manne na kikapu. Akanionyesha kwa upole: baba, hata breki kina. Nikamuuliza breki za nini, kitu chenyewe hakiendi.

Akasema nilivunjika mkono mwaka juzi. Nikasema ulikuwa wa kushoto. Akauliza, kwa hiyo huo si mkono?

Ikabidi nimweleze, ingawa sipendi kueleza. Nikitembea kwa miguu, nafika kwenye mapipa ya taka, moyo unaomba kuketi. Nikipanda baiskeli, tandiko linanibeba, moyo unakuwa abiria. Naweza kufika darajani. Na darajani, siku za baridi kali, barafu ya mto hulia. Tangu utoto nataka kuelewa sauti ile. Nimesoma maelezo, nimeyafundisha, hayanitoshi. Nataka kuisikia tena kabla sijaondoka. Kigari hakitanifikisha.

Marjukka akakoroga kahawa isiyo na sukari. Kisha akatoa masharti. Jumapili ni siku ya maandazi ya krimu, yale ya kabla ya Kwaresima, kwenye ukumbi wa kanisa, ng'ambo ya daraja. Niende kwa baiskeli, kutoka getini kwangu mpaka yeye atakaposimama mwisho wa daraja. Nikiweka mguu chini hata mara moja, baiskeli anaondoka nayo Kajaani na mimi nasukuma kigari bila kunung'unika.

Nikauliza kama kidole kinahesabiwa. Akasema, baba, kidole ni mguu.

Tukapeana mikono.

Alhamisi, 27 Februari

Vilho kaleta tairi lake la mwaka jana. Moja tu. Vichuma vimelika kidogo lakini vipo. Akaniusia nilifunge mbele: la nyuma likiteleza utayumba, la mbele likiteleza utalala.

Maneno ya busara mno. Nikashtuka. Mshindani akupe silaha kwa nini? Nikalifunga nyuma; mbele nikarudisha langu, skrubu nimezing'oa na tyubu nimeiziba.

Kwenye kona ya mapipa ya taka nikalala, ndani ya bustani ya Vilho.

Jambo la kushangaza: theluji ya baridi kama ya leo ikikanyagwa hulia kama unga wa viazi unaofinywa kiganjani. Ukiwa umelala, sikio limeigusa, sauti ni tamu zaidi. Nikapitisha kidole, nikabonyeza, nikasikiliza. Chembe zinavunjika au zinasuguana? Vilho akafungua dirisha lake, akapiga kelele: Mwalimu, umelifunga mbele au nyuma? Nikamjibu kwamba nafanya utafiti.

Tairi sasa liko mbele. Ni uamuzi wangu mwenyewe.

Naungama: Marjukka alipopiga simu nilimwambia nilikuwa nimejinyoosha bustanini. Ni kweli. Sikusema bustani ya nani.

Jumamosi, 1 Machi

Redio inasema kesho asubuhi nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Marjukka kaogopa. Mimi nimepata wazo kubwa kuliko yote.

Mtu akilala bandani usiku wa baridi, asubuhi viungo havinyooki. Baiskeli je? Grisi inaganda, mnyororo unakakamaa. Dawa ni joto! Leo ni siku ya sauna, kuoga kwa mvuke, kama kila Jumamosi. Nikaiingiza baiskeli, na theluji yake yote, kwenye chumba cha kuvulia nguo, mlango wa sauna nikauacha wazi. Mvuke ukaifunika. Theluji ikayeyuka, ikatiririka kwenye mnyororo, ikaingia kila tundu. Nikazungusha gurudumu la nyuma: tik tik tik, laini kama saa ya ukutani. Italala humo mpaka asubuhi.

Nikamsimulia Vilho uani. Akasema baiskeli ya baridi ilale na baridi. Ya kwake hulala bandani na theluji mpaka kwenye tandiko. Nikamwambia huo ni ukatili. Akaanza: sikiliza, maji yakishaingia ndani ya kitovu cha gurudumu...

Nikarudi ndani, nikapiga kengele ya baiskeli mpaka akachoka.

Jumapili, 2 Machi

Nimetoka getini kama mfalme! Tairi la mbele linauma, mifuko ya manyoya kwenye usukani, vidole vina joto. Vilho nyuma yangu, shahidi aliyejialika. Kona ya mapipa nimeipita bila hata kuitazama.

Kwenye mteremko kabla ya daraja nikaacha kukanyaga, niteleze kwa starehe. Nikafika darajani. Nikakanyaga tena.

Hakuna kitu! Miguu inazunguka, mnyororo unazunguka, gurudumu halina habari. Vilho akapiga kelele kwamba maji ya sauna yameganda ndani ya kitovu, meno ya ndani hayashiki. Hata leo anazungumzia meno!

Baiskeli ikaanza kupunguza mwendo. Mbele, mwisho wa daraja, Marjukka kasimama na skafu yake nyekundu. Usukani ukayumba. Mguu wa kulia ukaanza kushuka wenyewe, kama mbwa anayejua njia ya nyumbani.

Ndipo nikahisi kiganja mgongoni.

Vilho. Mkono mmoja kwenye usukani wake, mmoja kwangu, anahema kama farasi wa kuvuta mkaa. Ana miaka themanini na minne. Akanong'ona kwa hasira: kanyaga, Mwalimu, kanyaga, watu wanatazama! Nikakanyaga hewa kwa ustadi mkubwa.

Na kwa kuwa nilikuwa sifanyi kazi yoyote, nikasikia. Chini yetu mto ukalia. Mlio mrefu, kama waya wa simu uliopigwa kwa fimbo, ukakimbia kuelekea baharini, ukajibiwa kutoka mbali. Nikamwambia Vilho apunguze. Akanitukana, lakini akapunguza. Tukausikiliza wote wawili mpaka ukaisha. Bado siuelewi. Afadhali.

Marjukka akatazama miguu yangu. Akatazama mkono wa Vilho, ambao alikuwa bado hajautoa. Akasema mguu haukugusa chini. Kisha akageuka kufunga skafu upya, akalaumu upepo kwa kumtoa machozi. Upepo haukuwepo.

Ukumbini Vilho kala andazi lenye jamu. Mtu mzima! Andazi la krimu hutiwa lozi, si jamu, kila mwenye akili anajua. Nikamwachia langu la pili hata hivyo, akatoa lozi zote kwa kijiko. Mchungaji Reetta akaniuliza habari za goti. Nikamwambia linazunguka vizuri.

Jumatatu, 3 Machi

Baiskeli inabaki. Marjukka karudi Kajaani.

Naungama jambo moja lenye uzito, lisomwe nikishaondoka. Jana darajani Vilho alinishika mgongo ili asianguke. Maskini, miguu yake haina nguvu tena. Sikumwambia mtu yeyote. Mzee ana heshima yake.

Kuhusu pedali, nimetafakari usiku kucha na sababu nimeipata: chumba cha kuvulia nguo hakikuwa na joto la kutosha. Jumamosi ijayo baiskeli inaingia saunani kwenyewe, benchi la juu kabisa, na nitamwaga maji kwenye mawe ya moto mpaka ilainike. Nilipomweleza Vilho alikaa chini kwenye theluji. Nasema mimi, miguu yake.

Nacho kigari kimesimama pale mlangoni na magurudumu yake manne, yote laini, hayana hata jino moja. Kabla ya kuondoka Marjukka amenifungia rafu mpya ya jikoni. Skrubu nzuri sana. Ndefu kuliko zile.