Turbo Iliyoganda Wiki ya Harusi

Jumapili, 19 Januari 2025

Gari imeshindwa na Masingini. Aibu! Unguja yote haina mlima, ina kilima kile, na gari yangu ya dizeli imekikataa. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho. Nyuma moshi mweusi kama tanuri la chokaa, mbele hakuna kitu. Gari ya ng'ombe iliyopakia nazi ikanipita. Mwenye ng'ombe akanisalimia kwa adabu kabisa. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Jumapili ijayo namwoza binti yangu Rukaiya. Baada ya ndoa atapelekwa kwa mumewe Chwaka, na nimeshaitangazia Kikwajuni nzima kwamba nitampeleka mimi, kwa gari yangu. Wazee wakasema baba hapeleki bibi harusi. Nikawajibu kwamba siku hiyo sitakuwa baba, nitakuwa dereva. Ukweli nauandika hapa tu: nataka ile saa moja ya njiani niwe naye.

Shemeji yangu Usi, kaka wa mke wangu Riyama, ana gari mpya nyeupe. Hajasema kitu. Anaiosha tu, kila siku, mbele ya mlango wangu.

Jumatatu, 20 Januari

Nimesoma habari za turbo kutwa. Ajabu ya kitu! Ni feni. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni, feni inasukuma hewa ndani, dizeli inaungua vizuri, gari inapata nguvu. Yaani uchafu unafanya kazi kabla ya kutupwa. Nani aliyewaza hivi?

Kwa ufupi, turbo ni upepo. Nimesomesha Jiografia miaka thelathini na moja. Kaskazi na kusi nimezichora ubaoni mpaka chaki ikaniingia mapafuni. Sina haja ya fundi.

Nimewaza: gari haipati hewa. Nimelitoa chujio la hewa, nimeliweka jikoni, nimezunguka Michenzani bila ya chujio. Nguvu zile zile, ila sasa inapiga mluzi. Usi akauliza kutoka barazani kwake kama kuna birika limechemka. Nikafunga boneti. Riyama naye akauliza nani aliyeweka dude lile jeusi juu ya unga wa keki. Nikalipangusa unga, nikalirudisha garini.

Jumanne, 21 Januari

Usi anasema ana rafiki mwenye kompyuta ya kusoma magari. Nikamwambia gari yangu haisomwi, mimi ndiye ninayesoma.

Kisha nikaenda Ng'ambo kwa siri, kwa fundi Ame, ambaye naye ana kompyuta. Ikasoma kwamba upepo wa turbo ni mdogo. Hilo nililijua Masingini! Lakini Ame akanionyesha kitu. Ubavuni mwa turbo pana kikopo, kadiri ya kikopo cha maziwa. Ndani yake mna utando wa mpira. Juu kinaingia kipira chembamba cha kuvuta hewa, chini inatoka fimbo iliyoshika mkono wa chuma. Mkono ule ndio unaopanga vibapa vya chuma vilivyomo ndani ya turbo, moshi upige feni kwa nguvu au kwa upole. Ukiwasha gari, fimbo hupanda. Ukizima, hushuka.

Akawasha. Fimbo kimya. Akazima. Kimya.

Akasema mambo ni matatu: ama kipira hakivuti, ama utando umetoboka, ama mkono umeganda. Akasema niiache gari, ataishughulikia Jumanne ijayo. Jumanne! Bibi harusi atakuwa keshapika chai ya kwao.

Nimeichukua gari yangu. Usi akauliza nilikuwa wapi. Nikasema sokoni. Akatazama mikono yangu mitupu.

Jumatano, 22 Januari

Siku tamu kuliko zote tangu nistaafu.

Swali la kwanza: kipira kinavuta? Nikakichomoa gari ikinguruma, nikaziba kwa kidole. Kidole kikanyonywa kama na mtoto mchanga! Nikakitoa, nikakirudisha. Nadhani nimefanya hivyo dakika kumi. Kipira kizima.

Swali la pili: utando umetoboka? Hapa nilihitaji kitu cha kuvuta hewa kwenye kikopo. Nikajaribu kwa mdomo. Sishauri. Ndipo nikakumbuka bomba kubwa la plastiki, kama la sindano, ambalo Riyama hutilia jemu ndani ya keki. Riyama alikuwa amekwenda kwa mshonaji wetu Bi Zuleikha kupimisha nguo. Nikalichukua, nikalichomeka kwenye kikopo. Nikivuta, linagoma, nikiachia, linarudi lenyewe kwa nguvu. Basi hakuna tundu! Utando mzima, lakini fimbo haikwenda hata unywele.

Kwa hiyo ni mkono umeganda. Nimepata jawabu peke yangu, bila ya kompyuta!

Jioni Riyama ameonja jemu. Alilolisema siwezi kuliandika katika daftari la mwalimu.

Alkhamisi, 23 Januari

Nyundo.

Nilipiga mara tatu tu. Ya kwanza kwa kutaraji, ya pili kwa hasira. Ya tatu ikakosa mkono, ikaipata fimbo. Fimbo imepinda kama kijiko cha upawa. Nikakaa chini kwenye saruji. Siku tatu zimebaki, na kilichokuwa kimeganda sasa kimeganda na kimepinda.

Mwatum, jirani yetu wa chini anayetengeneza vyerehani, alitoka kwake. Mwatum nilimsomesha. Jiografia alipata alama kumi na nane. Akasema, "Shikamoo mwalimu." Nikaitika, "Marahaba," nikiificha nyundo nyuma ya mgongo.

"Unamwua nani humo?"

Nikamweleza habari ya upepo tangu mwanzo. Alisikiliza kwa heshima, kisha akaingiza kichwa chini ya boneti na akakaa humo muda mrefu.

"Maradhi haya nnayajua," akasema. "Vyerehani vya pwani vyote vinayo. Chumvi, masizi na kukaa kitako. Kilicholala hakipigwi, mwalimu. Kinaamshwa."

Akachomoa kibanio, akaitenga fimbo na mkono, akatia dawa ya kutu tone kwa tone. Nikamuuliza kwa nini sasa, mbona mwaka jana ilikuwa inakwenda. Akaniuliza gari huipeleka wapi. Nikasema Darajani na kurudi, pole pole, naitunza. Akacheka. Mkono ule haujawahi kufika mwisho wa safari yake, akasema, kwa hiyo masizi yamejenga nyumba pale unapoishia.

Nikaingia ndani kuandika hayo. Lazima nikiri yanaingia akilini.

Ijumaa, 24 Januari

Baada ya sala ya Ijumaa Mwatum amerudi na koleo ndogo. Anausukuma mkono unywele mmoja mbele, unywele mmoja nyuma. Tone la dawa. Tena. Saa nzima! Mimi ningelia. Halafu ghafla ukateleza, ukaenda mpaka mwisho na kurudi, laini kama sindano kwenye hariri. Nikapiga kelele. Paka wakatawanyika.

Fimbo ameibana kwenye jiriwa yake, akainyoosha, akairudisha. Akanionya nisiiguse ile nati ya mwisho wa fimbo, kwa sababu ndiyo inayopima urefu.

Nikawasha: ikapanda. Nikazima: ikashuka. Nimefanya hivyo mara ishirini na tatu. Nilimwita Riyama aone. Alikuja na unga mikononi, akatazama, akasema, "Ndiyo hivyo tu?"

Masingini tumeipanda kama ndege. Barazani nimewaeleza watu jinsi nilivyoigundua kwa elimu ya pepo. Mwatum sikumtaja. Hakukuwa na nafasi katika maelezo.

Jumamosi, 25 Januari

Nimewaza usingizini na bado nawaza asubuhi. Kama fimbo ya urefu huu inaleta upepo huu, fimbo ndefu zaidi kidogo italeta nini? Ni swali la kielimu. Mtu hawezi kuliacha hivi hivi.

Nati nimeizungusha nusu tu.

Jumapili, 26 Januari

Ndoa imefungwa. Rukaiya akaingia nyuma na shangazi zake wawili, harufu ya udi ikajaa gari. Tukatoka mjini tukiongoza, Usi nyuma yetu na gari yake nyeupe imejaa wanawake.

Gari ilikuwa na nguvu ya ajabu! Kabla ya kufika Dunga ikaruka kama iliyochomwa mwiba. Kisha taa ya hitilafu ikawaka na nguvu zote zikakatika. Tukatambaa. Tukasimama. Shangazi mmoja akaanza kusoma dua kwa sauti.

Usi akashuka, taratibu, akasema kwa huruma kubwa kwamba bibi harusi ahamie kwake. Nikaukamata usukani. Rukaiya akafungua kioo. Akasema, "Mjomba, mimi nnakwenda na baba. Hata tukifika kesho."

Sikuwa nalia. Ilikuwa vumbi.

Kutoka kwenye gari ya Usi akashuka Mwatum, kavaa nguo yake ya harusi, hina mpaka viwikoni. Akaniangalia. Sikusubiri aulize.

"Nusu ya mzunguko," nikasema.

Akanipa mkoba wake niushike, akafunua boneti, akairudisha nati nusu, akaniambia nizime, nihesabu thelathini, niwashe. Taa ikazimika. Fimbo ikapanda. Tumeingia Chwaka tukiongoza, vigelegele mpaka baharini.

Njiani Rukaiya aliniuliza hasa ni nini kilichokuwa kimeganda. Hajapata kuniuliza kitu kama hicho tangu ana miaka minane. Nikamweleza yote, kikopo, utando, kipira, mkono, na safari hii nikamtaja Mwatum. Akasikiliza mpaka tukafika mlangoni.

Jumatano, 29 Januari

Nimekuja Chwaka kumletea Rukaiya sanduku alilolisahau. Mkwe wangu Wakil, mume wa Rukaiya, analalamika kwamba pampu ya kisima chake imekwama. Fundi atakuja Ijumaa.

Nimemwambia fundi wa nini.

Wakil amekwenda msikitini. Nimeshalegeza nati mbili. Ya tatu imedondokea kisimani. Nilihesabu mpaka nne kabla ya kusikia maji, kwa hiyo kisima ni kirefu kuliko nilivyodhani. Inavutia sana. Natafuta kitu kingine cha kudondosha, nipime vizuri.