Siku Koang Alipoitetea Gemu ya Pili

Sogeeni, enyi watu wa Kakuma, nanyi jirani zetu wa Lodwar mliozoea kutafuna vumbi mkashiba! Zimeni redio, waacheni mbuzi wajichunge, mtege masikio. Maana inasimuliwa habari ya Koang, simba wa kibanda cha gemu, mwenye vidole vyepesi na suruali iliyopauka, na jinsi alivyokwenda vitani akiwa ameketi juu ya kreti ya soda.

Mwaka ule wa 2012 palitawala katika kibanda cha Nyandeng gemu moja ya kutisha. Nahodha bubu alitangatanga peke yake katika merikebu ya angani, na majitu yenye kamasi yakimvizia ndani ya mabomba. Mfalme wa gemu hiyo alikuwa Yak, aliyejua kila bomba lenye jitu, akiua huku anapiga miayo. Lakini gemu ilisevu, yaani kuhifadhi ulipofika, mahali pamoja tu, mwisho kabisa wa kila ngome, na jenereta ya Nyandeng, loo, haikuwa ya kuaminiwa! Ikizimika, jasho lako lote limekwenda na maji. Na sheria ya kibanda ilikuwa kali: giza likikukuta, zamu yako imekufa, mpe mwenzako pedi ya kuchezea. Wanaume wazima walilia pale, wakasingizia vumbi.

Koang akasema basi, imetosha. Akapanda lori hadi Lodwar, akampa muuza diski redio aliyoachiwa na kaka yake, kitu pekee cha kaka yake alichokuwa nacho, akarudi amekumbatia gemu ya pili, mwendelezo wa ile ya kwanza. Moyo ulimuuma njia nzima.

Yak aliicheka diski hiyo mbele ya umati, akasema gemu ni ile ya kwanza, hizi nyingine ni makombo. Ndipo Nyandeng, mama mwenye sauti ya kusimamisha lori, akatoa hukumu.

“Koang mwanangu, hii televisheni ni ya mpira. Ukimaliza ngome ya kwanza kabla mechi haijaanza, diski yako itakaa hapa. Ukishindwa, rudisha Lodwar.”

Koang alijua muuza diski harudishi redio ya mtu. Akaishika pedi.

Pazia likateremshwa, mchana ukafungiwa nje. Na tazameni! Nahodha, aliyekuwa bubu, akavua kofia yake ya chuma, akaonekana ana uso na ndevu, akaita kwa unyonge kama kuna mtu yeyote. Mzee Nanok, aliyekuja tu kuchaji simu, hakuweza kumwacha mgeni bila jibu. “Ejok,” akamwitikia kwa salamu ya Kiturkana. Watu walivunjika mbavu, lakini Koang alifurahi kwelikweli, kwa kuwa yule nahodha wa kwanza hakuwahi kusalimiwa na mtu.

Vita vikawaka. Yak, kwa ujuzi wake wa kale, akamwelekeza kila mtu atazame bomba la kushoto. Jitu likashuka kutoka darini, na mfalme akajikuta mapajani mwa Nanok. Koang akakata, akachoma, akakanyaga, jasho likimtiririka hadi kwenye ndala. Mara kwa mara kialama kidogo kilizunguka pembeni mwa kioo, na kila kilipotokea Nyandeng aliipiga televisheni kofi, akidhani inaharibika.

Mwishowe akatokea mama wa majitu yote, mpana kama tangi la maji. Koang akapigana naye hadi vidole vikafa ganzi. Jimama likaanguka. Mlango wa mwisho ulikuwa pale, hatua chache tu, na jenereta ikakohoa, ikazimika.

Yak akanyoosha mkono kudai pedi, maana sheria ni sheria. Koang alitamani kulia, akaikumbuka redio, akasimama juu ya kreti yake.

“Enyi watu wa kibanda hiki! Mama atie petroli kwanza, tuone nahodha yuko wapi. Akiwa mwanzoni, Yak chukua pedi, na mimi nitaipeleka hii diski Lodwar kwa mguu. Akiwa pale nilipomwacha, basi zamu yangu haijakufa.”

Nyandeng akatia petroli. Kamba ikavutwa, ikavutwa tena, mwanga ukarudi. Na nahodha alikuwa amesimama palepale, kando ya maiti ya jimama, anahema.

“Imekumbuka yenyewe, kumbe kile kialama kilichozunguka kilikuwa kinasevu,” Yak akasema kwa sauti ndogo, akaurudisha mkono wake.

Koang akamtembeza nahodha hatua zile chache, mlango ukafunguka. Kibanda kililipuka kwa vigelegele, Nanok akamtakia nahodha safari njema, na Nyandeng akaipangusa televisheni kwa khanga, akiiomba radhi kwa makofi yote yale. Mechi ikaanza bila mtu kuikumbuka, Yak akaomba zamu kwa adabu, na Koang akamsogezea nusu ya kreti.

Basi vizazi na vijue: siku hiyo giza liliingia katika kibanda cha Nyandeng, na kwa mara ya kwanza likatoka mikono mitupu.