Ndege ya Misheni na Neno la Siri

Leo nimepata aibu inayotosha ukoo mzima. Nawaandikia mwenyewe, ninyi mliobaki kambini, kabla rubani fulani hajawafikishia habari akiwa ameitia chumvi.

Mnajua kwamba tangu nivue magwanda niko kwa majaribio hapa mnara wa kuongozea ndege wa Bunia. Kazi ni ileile, nilijiambia. Ndege ni ndege. Inakuja, unaipa njia, inashuka, unapumua. (Jinsi nilivyojidanganya!) Leo ndiyo ilikuwa siku ya inspekta. Akikubali, naingia kazini moja kwa moja, raia kati ya raia. Akikataa, naenda kupima maharagwe dukani kwa shemeji yangu Kambale. Shemeji amekwisha kunisafishia nafasi nyuma ya meza, na kila Jumapili ananitazama mabega kama mtu anayenunua punda.

Inspekta alikuwa Aru akikagua kiwanja cha huko. Tuliambiwa anakuja kwa gari, na barabara ya Aru mnaijua, kwa hiyo hakuna aliyemtegemea kabla ya jioni. Hata hivyo nilijiandaa. Nilinyoa mpaka kidevu kikawaka moto. Mke wangu Masika akanipigia pasi abakosti, lile koti langu la heshima. Nikapanda mnarani nimekakamaa mwili mzima.

Muzee Ngabu, mkubwa wa mnara, alinitazama akatikisa kichwa.

"Paluku, kaa chini. Hapa haiko kambi. Hapa tunaongea na ndege pole pole, sawa vile unaongea na mama-mukwe."

"Ndiyo, mon adjudant!"

"Miye siko adjudant. Miye niko Ngabu. Shika mikro, naenda kunywa chai."

Akashuka. Nikabaki peke yangu na anga lote la Ituri. Piste ya kushukia ndege tupu, mbuzi wamefukuzwa, upepo mzuri. Raha iliyoje!

Redio ikakwaruza.

"Bunia, Bunia, bonjour! Hapa ndege ya misheni. Niko karibu, naomba kushuka."

Nikatazama ubaoni. Hakuna ndege ya misheni iliyotangazwa. Sasa ninyi mnajua ndege isiyotangazwa inaulizwa nini kambini. Tuliuliza hivyo miaka yote, wengine wetu hata usingizini. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Ndege isiyojulikana! Mot de passe!"

Rubani huyo ni mzungu wa siku nyingi huku, mpole, Kiswahili chetu anakiongea kutushinda.

"Mot de passe gani, tata? Ni miye. Ile ndege ya kila siku."

"Toa neno la siri ao ubakie juu! Zunguka!"

(Sauti ile! Ofisa wetu wa zamani angelia kwa furaha.)

Akazunguka, maskini. Nilimsikia anakohoa, anafikiri. Kisha akajaribu.

"Bwana asifiwe?"

"Hapana! Jaribu tena!"

Naapa nilisema hivyo. Ndege ikapita juu ya soko, ikainama, ikarudi.

"Amina?"

"Hapana!"

"Kuko citoyen mumoja, abiria hapa nyuma, anasema tujaribu 'salongo'."

Salongo! Kazi ya kufyeka nyasi za barabara! Nani ataifanya neno la siri?

"Huyo citoyen anyamaze! Anayeongea na mnara ni rubani peke yake!"

Jambo moja sikuwa nimelifikiria. Wamisheni wana redio zao Nyankunde na Boga, na zote zinasikia kila tunachosema. Sauti ya mama mmoja, muuguzi wa Nyankunde, ikaingia kwa hasira.

"Weye wa Bunia, iko nini? Achilia ile ndege ishuke, iko na mizigo yetu!"

Mara Boga nao wakajitosa, hao bila hasira yoyote.

"Bunia, ile mot de passe ni jina ya mutu ao ya kitu? Mutusaidie kidogo!"

Mchezo ulikuwa umeanza kuwapendeza. Mimi nikazidi kukaza shingo. Ndege ikazidi kuzunguka. Mwishowe rubani akasema kwa upole uleule:

"Tata, yule citoyen wa nyuma anatapika sasa. Utuambie tu ukweli. Ile mot de passe, weye mwenyewe unaijua?"

Hapo, jamaa zangu, ndipo nilipolitafuta hilo neno. Kambini ofisa wa zamu alitupa neno kila asubuhi, tukaliandika kwa chaki ukutani. Nikageuka nitazame ukutani. Kulikuwa na kalenda ya bia na koti la mvua la Muzee Ngabu. Hakuna aliyenipa neno lolote. Neno halikuwepo kabisa! Nilikuwa nimewakatalia watu wa Mungu majibu matatu ya swali lisilo na jibu.

"Bunia? Uko nasikia?"

Ningeweza kubuni neno. Hata "maharagwe" lingefaa. Lakini mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka wenyewe tena.

"Hapana," nikasema. "Siijue."

Nyankunde ndio walioanza kucheka. Boga wakapokea. Rubani mwenyewe alicheka mpaka nikaona ndege inayumba.

"Shuka tu," nikasema kwa sauti ya mgonjwa. "Piste ni yako. Samahani sana."

Muzee Ngabu akarudi na kikombe chake cha chai.

"Paluku, ile ndege ilikuwa inazunguka sababu gani? Niliwaza inatafuta kuku."

Kabla sijapata uongo wa kumjibu, ndege ilisimama chini na mlango ukafunguka. Akashuka mtu mnene mwenye abakosti, miguu ikimpinda, ameshika kofia yake kwa mikono miwili mbele yake, kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba supu.

"Mungu wangu!" Muzee Ngabu akasema. "Yule njo inspekta!"

Kumbe gari lilikwama matopeni, wamisheni wakamhurumia wakampa nafasi ndegeni. Mtu wa salongo. Mtu niliyemwambia anyamaze.

Alipanda ngazi taratibu, akipumzika njiani. Nilisimama wima, kifua mbele, nikasubiri kufa. Akaegemea mlango, uso una rangi ya majani ya mihogo.

"Njo weye ulisema ninyamaze?"

"Ndiyo, citoyen inspecteur."

"Na salongo haikukuwa yenyewe?"

"Hapana, citoyen inspecteur. Yenyewe haikukuwa."

Muzee Ngabu alikuwa amegeukia dirishani, mabega yake yanatikisika. Inspekta akakaa kwenye kiti changu, akaiweka kofia magotini bila kuimwaga, akachukua chai ya muzee bila kuomba, akainywa yote. Nilianza kujifunza bei ya maharagwe moyoni.

"Nikikukatala," akasema, "italazimu nirudie huku kupima mutu mwingine. Barabara ilinimeza. Ndege ilinitapisha. Miye sirudi tena." Akafumba macho kidogo, akayafungua. "Ndege ya misheni ikisema bonjour, weye unajibu nini?"

"Bonjour, citoyen inspecteur."

"Basi. Uko na kazi."

Nilitaka kumkumbatia kwa furaha, siwafichi, ila ile kofia ilikuwa bado katikati yetu.

Kwa hiyo mimi sasa ni raia kamili mwenye kazi yake, na shemeji atafute mabega mengine. Ninyi huko kambini nawaomba jambo moja tu: msicheke. Masika anacheka kwa niaba yenu wote tangu nilipoingia nyumbani, na hadi sasa hajaweka hata sufuria motoni.