Siku Nilipokalia Kiti cha Maua

Leo nimeaibika, tena nikiwa nimevaa vizuri.

Nyinyi ambao hamunijui: mimi ni avoka, mwanasheria wa kutetea watu, niko na kabine, ofisi ndogo ya maavoka, hapa Masisi. Mimi niliyeianzisha, mimi njo shefu. Tuko na vijana watatu na sekretere wetu, Mama Sifa. Kesi zetu nyingi ni za mashamba. Ng'ombe wa huyu wamekula maharagwe ya yule, mupaka umehamishwa usiku, munajua mambo ya milima yetu.

Jana tulishinda kesi kubwa ya wakulima wa Ngungu. Nasema "tulishinda". Aliyeifuata kesi hiyo tangu mwanzo, kwenye pikipiki, mu matope, mupaka anafika tribinalini hajulikani ni avoka ao ni mufinyanzi, ni kijana wangu Maître Bahati (maavoka wote tunaitwa Maître). Mimi nilienda siku ya hukumu. (Nilivaa toga mupya, lile joho letu jeusi.)

Sasa, asubuhi naingia kazini. Mazungumzo yakakatika pale pale. Mama Sifa akasukuma kitu chini ya meza kwa muguu.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Maître," akajibu, akitazama dari.

Nikaingia biro yangu. Harufu ya nyama ya mbuzi ikanifuata. Kupitia dirisha nikaona kreti za Fanta zinapita nyuma ya nyumba. Halafu nikaona kiti, kile kizuri cha kupokea wageni, wanakifunga maua. Roho ikaruka. Watoto hawa wananifanyia fete, sherehe ya ushindi! Tena kwa siri! Machozi yakanilengalenga. Siku zote nawakaripia, kumbe wananipenda hivi.

Shefu mwenye akili angeuliza. Mimi nilirudi nyumbani kubadilisha nguo.

Nikavaa kitenge changu cha harusi (si yangu, ni ya mudogo wangu), nikafunga kilemba kirefu, nikasimama mbele ya kioo kujifunza kushangaa. "Yooo! Jamani! Ni mimi?" Mara ya pili nikaweka mukono kifuani. Ikatoka vizuri zaidi.

Saa sita nikasukuma mulango wa kabine. Wote wakasimama, macho yamewatoka. Nikawaza ni furaha.

"Yooo! Jamani! Ni mimi?"

Wakatazamana. Nikasema moyoni, wamezidiwa. Nikaenda moja kwa moja nikakaa kwenye kiti cha maua. Bahati alikuwa karibu na kile kiti, amevaa shati jipya, kama muntu aliyekuwa anataka kukaa. Nikamupigapiga mukono: "Kaa, mwanangu, usiogope." Akatazama huku, akatazama kule. Akakaa juu ya kreti.

Halafu nikatoa hotuba. Wandugu, hotuba ile! Nikasema kabine ni familia. Nikasema mukubwa wa kweli ni yule anayewasikiliza wadogo. Nikasema (hapa njo nilichimba shimo langu mwenyewe): "Angalieni kabine zingine, vijana wanatoroka. Hapa kwangu hakuna hata mumoja aliyewahi kuwaza kuondoka. Kwa nini? Mujiulize!"

Wakajiuliza. Niliona kabisa wanajiuliza.

Mara mulango ukagongwa. Akaingia Papa Bauma, yule muzee mukulima wa Ngungu tuliyemutetea, na mufuko wa maharagwe mabegani.

"Munisamehe, nimechelewa. Barabara iko mubaya sana. Mutoto wangu Bahati iko wapi? Sitaki aende Mubi kabla sijamubariki."

Nikacheka. "Papa, Bahati haendi nafasi yoyote."

"Aa! Hii si njo fete yake ya kwaheri? Aliniambia anaenda kufungua kabine yake kule." Akanitazama kuanzia juu mupaka chini: kilemba, kitenge, kiti, maua. "Ao na wewe unaenda naye, Maître?"

Ninaomba ardhi ya Masisi inisamehe. Niliiomba ipasuke, ikakataa.

"Bahati," nikasema. "Na mimi hukuniambia?"

"Nilikuambia, Maître. Mu mukutano wa juma lililopita. Nilisema, 'Maître, mimi ninaenda Mubi.'"

"Nikajibu nini?"

Akainamisha kichwa. Mama Sifa njo alijibu: "Ulisema aende salama, na akuletee bidon ya mafuta ya mawese."

Yesu! Nikakumbuka. Nilisema hivyo kabisa, nikiwaza ni safari ya siku mbili. Halafu nikaendelea na neno la usafi wa choo.

"Tangu siku ile hukusema kitu," Bahati akasema. "Tukawaza umekasirika. Njo sababu tulipanga kimya kimya."

Hapo kicheko kikaniisha. Huyu kijana alikuja kwangu hajui hata kufunga toga. Nilitaka kumuambia abaki. Badala yake nikauliza, "Ni kitu gani kibaya nilikufanyia?"

"Hakuna kibaya, Mama." Hajawahi kuniita Mama. "Nilitaka tu siku moja niseme neno mupaka mwisho."

Neno lake nikaliacha lifike mwisho. Mimi, avoka.

Nikasimama, nikamuachia kiti chake. Nikaenda kugawa mbuzi kwa mikono yangu. Nikapita kwa kila muntu, sahani kwa sahani, kumbe maua mawili yameshikamana na kitenge changu kule nyuma. Hakuna aliyeniambia. (Hapa hawaniambii kitu. Ao wananiambia.) Papa Bauma akamushika Bahati kichwa, akamuombea maombi marefu, nami nikasema Amina.

Baadaye nikamuvuta Mama Sifa pembeni. "Niambie ukweli. Ni kitu gani kingine mulishaniambia, sikusikia?"

Akaweka sahani yake chini, akapangusa mikono. "Tuanzie wapi, Maître?"

Tumeongea mupaka sasa. Yeye njo aliongea.

Bahati amekwisha funga mizigo. Basi, wandugu, nafasi moja ya avoka iko wazi hapa Masisi. Tunatafuta muntu mwenye sauti kubwa.