Matairi ya Wiki Ijayo

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Bosi ameniita.

Nimepewa kazi ya kupendekeza matairi na rimu za Nyati, gari letu kubwa la kuvuta malori yaliyoharibika. Matairi yake manane ya nyuma yamekuwa kipara. Juzi, akiwa amening'iniza lori la saruji, aliteleza hadi mlangoni kwa kinyozi. Mteja alitoka amenyolewa upande mmoja.

Ripoti inatakiwa Jumatano. Bosi alipomaliza kusema, alipapasa droo ya meza yake. Humo imo barua yangu ya kuthibitishwa kazini. Miezi sita ya majaribio inaisha Jumatatu ijayo. Akitia sahihi, mimi ni karani. Asipotia, nabaki mzigo wa Shangazi, na ulimi wa Shangazi haujapata kuwa kipara.

Sijui lolote kuhusu matairi. Ila nina rula.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimemuuliza Fundi. Ameeleza huku akitafuna njiti, kama mtu anayemfundisha mbuzi kuogelea. Tairi la gari la kuvuta halichaguliwi kwa sura. Kwanza utazame namba ya uzito iliyo ubavuni, kwa sababu Nyati akinyanyua lori, uzito wote huangukia nyuma, na magurudumu ya mbele hubaki yakigusa ardhi kwa adabu tu. Pili, matairi ya nyuma hukaa mawili mawili, mapacha, na mapacha lazima walingane kimo. La sivyo mmoja hubeba, mwenzake huringa. Tatu, matundu ya rimu yalingane na nati. Nimeandika yote. Nimepiga mstari chini ya "huringa".

Bi Funguo, mtunza stoo, alikuwa ametega sikio. Amesema yeye ameshachagua mapya kwenye katalogi, yatafika baada ya wiki tatu, na kwamba mimi nirudi kubana karatasi zangu. Wiki tatu! Jumatatu nitakuwa nimeshazikwa.

Lakini kuna kitu hajakiona. Kwenye kona ya yadi, nyuma ya kontena ambalo ndilo ofisi yangu, limesimama lori bovu lililovutwa hapa mwaka jana. Hakuna aliyekuja kulidai. Nimelizunguka mchana wa leo. Magurudumu kumi. Matairi kama yametoka dukani. Namba ya uzito inatosha na kubaki. Matundu ya rimu ni kumi, kama ya Nyati. Mapacha wanalingana. Nimepima kwa rula.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Ripoti imekubaliwa! Kurasa saba, majedwali mawili. Bosi amesoma jedwali moja akasema kumbe kijana ana kichwa. Bi Funguo alikuwa mlangoni.

Baadaye alinifuata. Mdogo wangu, alisema, mimi nilikuwepo lori lile lilipoletwa. Lilikuwa na tope hadi kwenye vioo, milango imefungwa kwa ndani, dereva hayumo. Lakini matairi yalikuwa safi kama sahani za wageni. Nikamwambia huo ni wivu. Akasema haya, msomi, basi kasome tarehe.

Nimekwenda kusoma. Kila tairi lina tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka. Nimesoma mara tatu kwa macho na mara moja kwa kidole. Mwaka ni huu. Wiki ni ya kumi na moja.

Leo ni wiki ya kumi.

Nimefikiri sana. Kulificha jambo hili ni udanganyifu, na mimi si mdanganyifu. Nimeongeza ukurasa wa nane: "Matairi ni mapya kupita kawaida."

Fundi amefunga yote manane saa tisa. Amesema nati ziliingia kabla hajazikaza. Hakucheka. Mtu huyu hucheka hata misibani.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Bosi ana sheria moja: kila gari lilale ndani ya mstari wake wa chokaa. Hukagua saa tatu kamili.

Mimi nimefika saa moja na nusu. Nyati alikuwa ametoka nje ya mstari, shibiri moja, kuelekea kontena langu. Breki ya mkono imevutwa. Funguo ziko stoo. Na upande huo yadi inapanda.

Nikitoa taarifa, ripoti imekufa, na mimi nyuma yake. Nimechukua kopo la chokaa. Nimefukia mstari wa zamani kwa mchanga, nikachora mpya mbele ya Nyati. Saa tatu Bosi amepita, ametazama, ameridhika. Akili ni mali!

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Hatua mbili.

Jana nilimwekea kabari za mbao mbele ya magurudumu. Leo nimezikuta kwenye kizingiti cha ofisi yangu, zimepangwa vizuri, kubwa chini, ndogo juu. Nimemuuliza Fundi kama ni utani wake. Amesema hagusi tena kitu cha gari lile, na ameniomba nami nisimguse yeye.

Chokaa. Mstari mpya. Bosi ameona kama yadi imepanuka. Nimemwambia ndiyo faida ya usafi.

Nimegundua jambo moja ambalo nisingependa kuligundua. Lori bovu liko kule nyuma, limekaa juu ya magogo, halina matairi ya nyuma. Nyati yuko huku mbele. Ukivuta uzi ulionyooka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, uzi unapita juu ya kiti changu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nusu siku ya kazi. Hatua tatu. Kopo linakaribia kukauka.

Nimemweleza Shangazi akiwa anakunja nguo. Mwanangu, amesema, kitu kikimkumbuka mwenyewe hukizuii kwa chokaa. Rudisha. Nimemjibu kwamba suala hili ni la kiufundi. Akaendelea kukunja, kisha akauliza kama kitu hicho, kikikuta kiti changu njiani, kitapiga hodi.

Sikulipenda swali hilo.

Hata hivyo barua inatiwa sahihi Jumatatu saa tatu. Nahitaji mstari mmoja tu.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Wiki ya kumi na moja.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Nyati alikuwa kiganja kimoja kutoka ukuta wa kontena, kando ya mlango. Nilichora mstari ukapita juu ya kizingiti, maana hapakuwa na pengine. Kisha nikaingia, nikakaa, nikashika kalamu.

Saa tatu Bosi alikuja akiisoma barua njiani, hakuinua macho. Aliitandaza mezani kwangu. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake.

Hapo ukuta ukapiga hodi.

Haukuvunjika. Bati liliingia ndani polepole, kama shavu linalobonyezwa na kidole. Meza ikasogea na barua yake, na kalamu ya Bosi ikachora mstari ulionyooka kuliko yote niliyochora mimi wiki nzima. Tulitokea dirisha la nyuma, yeye kwanza, cheo ni cheo. Kiti changu kilibaki. Nilikisikia kikisagika.

Tulizunguka mbele. Injini imezimwa. Ndani ya Nyati hakuna mtu. Usukani ulikuwa unajirudisha taratibu, kama wa dereva anayemaliza kona.

Bi Funguo alifukua mchanga kwa kiatu, mstari mmoja baada ya mwingine. Bosi, alimwambia, huyu kijana wako alikuwa analichorea gari njia!

Hukumu: majaribio miezi mitatu zaidi. Matairi yarudishwe leo hii. Mapya ya Bi Funguo yaagizwe. Fundi ameyafungua. Amesema hakubeba hata gurudumu moja. Aliyasimamisha tu, yakaenda, yeye akayafuata.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Kontena limenyooshwa. Nyati amekaa juu ya magogo, hana neno. Nimeandika fundisho kwa wino mwekundu ukutani: KAMWE USICHUKUE MATAIRI YALE.

Tatizo dogo. Sina kiti. Tangu Jumanne nimekalia ndoo. Kumwomba Bi Funguo ni kujidhalilisha. Atanipa, halafu atasimulia hadi uzeeni.

Lakini nimekiona kiti cha dereva cha lile lori bovu. Ngozi nzima, springi nzima, hakina hata vumbi. Na kiti si tairi! Kiti hakibiringiki. Mlango uliokuwa umefungwa kwa ndani umefunguka nilipoushika tu. Bahati. Nimekifungua mwenyewe kwa spana. Kilikuwa na joto kidogo, nadhani ni jua.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Asubuhi nimekikuta kiti kimelitazama dirisha la nyuma, shibiri moja kutoka nilipokiacha. Sakafu haiko sawa, bila shaka.

Nimekichorea mstari kwa chaki.