Sifa za Ukoo Kwenye Geti la Mzee Emrys

Jamani, leo sura yangu nimeiacha Observatory, mtaa wa huku Johannesburg, kwenye geti la watu. Atakayepita huko aniokotee.

Kwa wale wageni kwenye kundi hili: mimi ni Mwakio, nafanya kazi ya bima Randburg, Mtaita wa Wundanyi. (Si Mkamba. Nimechoka kueleza.) Mdogo wangu Mwadime anataka kumuoa Megan, binti wa Observatory, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka posa. Baba yetu hayupo tena duniani, kwa hiyo kwenye jambo hili baba ni mimi. Mwadime hana mwingine wa kumsemea. Maskini.

Mama yake Megan ni Mzulu, tunamwita MaDlamini. Baba yake ni mzee Emrys, mzungu aliyetoka Wales akiwa kijana kuja kufanya kazi migodini, akaoa huku, akabaki. MaDlamini alimpa Mwadime maelekezo mapema. Kwao wajumbe wa posa hawabishi hodi. Wanasimama nje ya geti na kutaja kwa sauti sifa za ukoo wa mwenye nyumba, mpaka wenyeji waridhike na kuwafungulia. Bwana harusi mwenyewe haonekani kabisa. Anasubiri mbali.

"Na mzee Emrys ana sifa gani za ukoo?" nikamuuliza Mwadime.

"Kaka, ni mzungu. Hana. Wewe taja jina lake, sema tumekuja kwa heshima, basi."

Mtu wa kawaida angefanya hivyo. Mimi nikaenda kusoma.

Mnaujua ugonjwa wangu wa kufuatilia maneno yalikotoka. (Waliowahi kukaa nami meza moja harusini wanaujua zaidi.) Nikasoma kwamba kabla Waingereza hawajafika kwenye visiwa vya Uingereza, wenyeji walikuwa Waselti, na kwamba watu wa Wales ni Waselti. Nikafurahi kama mtu aliyeokota simu. Kumbe Kiingereza hiki kinachotutoa jasho ofisini nacho kimeombaomba kwa majirani! Chakula cha mchana nilikuwa nakula kwa mkono mmoja, mwingine unapekua. Neno "trousers", suruali, limetoka kwa Waselti. "Clan", ukoo, limetoka kwa Waselti, na kwao lilikuwa na maana ya watoto. "Slogan" ulikuwa ukelele wa jeshi linalokwenda vitani. "Whisky" ni maji ya uzima. "Galore", yaani tele, nalo ni lao.

Nikasema, nani kasema mzee hana sifa? Sifa ndizo hizi.

Halafu nikapata wazo la sare. Familia ya Kenya haiwezi kwenda kwenye shughuli kila mtu na nguo yake, tutaonekana kama tumekutana njiani. Nikatafuta picha za Waselti, nikawaona wamevaa kile kitambaa cha mirabamiraba, chekundu na kijani. Sare ikawa imepatikana.

Wajumbe niliwaazima. Hapa Johannesburg wajomba ni adimu, na kila mhamiaji anajua kwamba siku ya posa unaazima wazee kama unavyoazima viti. Baba yetu mdogo alikuwa Papa Déo, fundi cherehani kutoka Bukavu, mwenye chumba cha kushonea katikati ya mji kwenye jengo la zamani ambalo juu yake kuna kanisa. Shangazi yetu alikuwa Mama Achieng', Mluo wa Kisumu, wa kwaya yetu. Wote wawili leo walikuwa Wataita.

Asubuhi tukapitia kwa Papa Déo kuchukua mashati. Jamani, mashati. La Mama Achieng' lilikuwa na mikono iliyofura, na kilemba juu yake. La Papa Déo lilimshika tumbo vizuri sana. Langu lilikuwa na kola inayofika mabegani.

"Kitambaa ilibakia," Papa Déo akaniambia, "nikakushonea na kofia."

"Sikuomba kofia, Papa."

"Najua. Hiyo ni zawadi. Leo batajua kama tuko batu ba maana."

Nikaivaa. (Ningefanyaje? Ni baba yangu mdogo.)

Mwadime alikuwa anatuendesha. Kila roboti (huku ndivyo wanavyoita taa za barabarani) ikituwekea nyekundu, watu wa magari ya pembeni walikuwa wanatutazama na kutabasamu. Mimi nikawa nawapungia mkono. Mwadime hakuwa anatabasamu.

"Kaka, hizi nguo MaDlamini anazijua?"

"Ni surprise."

"Na utasema maneno machache tu, sivyo?"

"Mwadime, tulia. Mke unampata leo."

Akaegesha kwenye kona ya barabara, akabaki ndani ya gari. Sisi watatu tukaupanda mlima kwa miguu hadi kwenye geti. Geti lenyewe ni la vyuma, unaona ndani hadi kibarazani. Upande wa pili wa barabara jirani alikuwa anamwagilia maua. Alipotuona, alifunga bomba ili asikie vizuri.

Nikakohoa. Nikaanza, kwa Kiingereza.

"Enyi watu wa mzee Emrys! Ninyi mliowavisha Waingereza suruali, ambao kabla yenu walitembea miguu wazi!" (Hilo la miguu wazi sina ushahidi nalo. Lilinijia tu.)

Geti halikutikisika.

"Ninyi mliowafundisha kusema ukoo, kwa kuwa kwenu ukoo ni watoto! Ninyi wenye ukelele wa vita, ambao leo kila kampuni inauazima kuuzia sabuni!"

Pazia likacheza. Nikamkonyeza Papa Déo: inaingia hiyo.

"Ninyi mliowapa whisky, maji ya uzima!"

"Amina," akaitikia Mama Achieng', kwa mazoea.

Geti halikufunguliwa. Nikafikiri labda mzee anafuta machozi. Mtu ameishi ugenini miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumsifia mababu zake, leo wamefika Wataita. Nikapandisha sauti, nikarudia kutoka mwanzo, safari hii kofia nikiwa nimeiinua juu. Simu ikatetemeka mfukoni. Mwadime: "Mbona nakusikia mpaka huku?"

Mlango ukafunguliwa. Akatoka mzee mfupi, ndara miguuni, jezi nyekundu ya raga kifuani, mikono ameifumbata. Akaja taratibu mpaka kwenye geti. Hakulifungua. Akatutazama kuanzia kofia kushuka chini.

"Ni yule Mskoti aliyewatuma?"

"Mskoti gani, mzee?"

"Rafiki yangu. Jana timu yake ilitufunga kwenye raga. Nilijua leo hatakosa kunifanyia kitu, lakini kukodi watu watatu na kuwashonea nguo!" Akatikisa kichwa. "Mwambieni mzaha wake umefika. Siku njema."

Akageuka anarudi ndani.

Sikuwa najionea aibu bado, hiyo ilikuwa njiani. Nilimfikiria mdogo wangu ndani ya gari pale kwenye kona, amevaa suti yake, anasubiri kuitwa, na mlango unafungwa kwa sababu ya mdomo wangu mimi. Nilimwahidi mke. Nilitaka kuita na maneno hayakutoka. Mimi, Mwakio, maneno hayakutoka.

MaDlamini ndiye aliyetuokoa. Alitoka mbio na kitambaa cha jikoni begani.

"Emrys! Hawa ni wajumbe! Ni watu wa Mwadime!"

Mzee akasimama. Akageuka.

"Kwa hiyo hayo mashati mmeyavaa kwa hiari yenu?"

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Kuwaheshimu mababu zako."

"Mababu zangu." Akasogea tena karibu. "Kijana, hayo ni mashati ya Waskoti. Suruali, neno hilo ni la Waairishi na Waskoti. Clan, lao. Ukelele wa vita, wao. Whisky, wao, na wanakunywa wakinitazama. Mimi natoka Wales. Umesimama kwenye geti langu, mbele ya jirani yangu, ukasifu ukoo wa watu wengine mara mbili. Wa kwangu hukuutaja hata kwa neno moja."

Mtu mwenye akili hapo anasema samahani. Mimi nikasema, "Lakini mzee, si nyinyi nyote ni Waselti?"

Mzee alinitazama kwa upole kabisa, kama daktari anayetafuta mshipa.

"Mwadime ni Mkenya. Na wewe Mkenya?"

"Ndiyo, mzee."

"Kule mgodini nilifanya kazi na Mkenya mmoja, mtu mzuri sana. Alikuwa Mkamba. Wewe nawe ni Mkamba?"

Na mimi, bila kufikiri, kwa kasi ile ile ninayowajibu nyinyi humu kila wiki: "Hapana, mzee, mimi ni Mtaita. Watu wanakosea sana. Sisi tuna lugha yetu, tuna milima yetu, huwezi kabisa kutuchanganya na..."

"Lakini si nyinyi nyote ni Wakenya?"

Niliona sentensi yangu mwenyewe inarudi kunitafuta na sikuwa na pa kujificha, hasa kwa kofia ile. Jirani wa maua aliegemea ukuta wake. MaDlamini alijifunika uso na kitambaa cha jikoni, mabega yakitikisika.

"Amesema nini?" Papa Déo akaniuliza. Kiingereza chake ni cha vitambaa na vifungo tu.

Ikabidi nimtafsirie. Jamani, nilisimama pale nikatafsiri aibu yangu mwenyewe, kifungu kwa kifungu. Papa Déo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaishika nguzo ya geti kwa mikono miwili akacheka mpaka kishikizo cha tumboni kikaruka.

Kicheko chake ndicho kilichomvunja mzee. Mdomo ulianza upande mmoja, ukaenda wa pili, na hatimaye akafungua geti. Lakini hakusogea njiani.

"Nyinyi mnakaribishwa," akasema. "Mashati hapana."

Akaingia ndani, akarudi na jezi zake za zamani, nyekundu zote. Tukabadilisha nguo kwenye karakana yake, kwa zamu, kama timu. Yangu ilinitosha. Ya Papa Déo ilikomea kitovuni. Mama Achieng' aliivaa ya kwake juu ya gauni na, kusema kweli, ilimpendeza kuliko mikono iliyofura.

Ndivyo posa ya ukoo wetu ilivyopelekwa: wazee watatu waliovaa jezi, wamekaa kwenye kochi moja, vikombe vya chai magotini. Mzee akanifundisha maneno ambayo Waingereza wameyachukua kwake. Flannel, kitambaa kile chepesi cha sufu, huenda kimetoka kwenye neno lao la sufu. Corgi, yule mbwa mfupi, ni mbwa mbilikimo kwa Kiwelshi. Na penguin anaapa kwamba ni "kichwa cheupe", ingawa wataalamu wanabishana.

"Lakini penguin ana kichwa cheusi," nikasema.

Mama Achieng' akanikanyaga mguu.

Mzee akamgeukia. "Na wewe, mama, ni Mtaita pia?"

Mama Achieng' akanitazama, akamtazama mzee. "Leo, ndiyo."

Basi ikabidi tuseme kweli yote. Kwamba shangazi ni wa Kisumu, baba mdogo ni wa Bukavu, na ndugu wa damu pale ni mimi peke yangu. Nikasema wazi, maana nilikuwa sina cha kuficha tena: baba yetu amefariki, mdogo wangu ana mimi tu, niliogopa tukionekana wachache atadhaniwa hana kwao. Nikaomba msamaha, wa kweli, bila asili ya neno lolote.

Mzee alizungusha kikombe chake. Kisha akasema kwamba yeye siku ya kumposa MaDlamini alikwenda na bosi wake wa mgodini na mpishi, kwa sababu ndugu zake wote walikuwa ng'ambo, na mpishi ndiye aliyejifanya mjomba. MaDlamini akamgeukia ghafla. Miaka yote hiyo alikuwa hajui kwamba yule si mjomba. Tukanywa chai yetu bila kutazama upande huo.

Baadaye MaDlamini akampigia Mwadime simu, akaiweka sauti ya juu ili wote tusikie. Mzee Emrys akasogea karibu. Akasema amewaona watu wake na amewapenda, kila mmoja, hata yule (yaani mimi). Akasema binti yake ni mtu mzima, kama yeye amekubali, na wazazi wake wamekubali. Nilitoa machozi, na sioni haya kuyasema.

"Ila kuna sharti moja," mzee akasema. "Siku ya harusi, kaka yako asikaribie kipaza..."

"Nimekubali," akasema Mwadime, kabla mzee hajamaliza.