Utafiti wa Magoti ya Refa

Redio ya kinyozi ndiyo iliyotuchokoza wiki iliyopita. Mtangazaji alisema watafiti wa chuo kikuu wameyachunguza yale majani machungu ambayo bibi zetu walitubandika kila tulipovimba, wakakuta yana kemikali inayopunguza uvimbe. Wamewapaka panya, miguu ya panya imenywea.

"Panya!" aling'aka Refa, mzee wetu aliyestaafu kupuliza filimbi, magoti yote mawili yamejaa kama mipira. "Panya anahudumiwa na maprofesa, mimi zahanati wananiambia nipunguze chumvi!"

"Zaliwa upya, mzee," nikamwambia. "Safari hii chagua mkia."

Tulicheka, yeye akanuna. Jumamosi hii binti yake anaolewa, na mzee amemwahidi kucheza naye wimbo mzima mbele ya wakwe. Kwa magoti yale, hata kuinuka kwenye benchi letu la hapa kwa kinyozi kulihitaji kamati. Roho ilituuma.

Kinyozi akazima mashine. "Tufanye utafiti wetu. Goti moja majani, la pili mchicha uliopondwa. Mgonjwa haambiwi lipi ni lipi, asije akapona kwa furaha."

"Nikipona kwa furaha kuna ubaya gani?"

"Sayansi haitaki furaha, mzee!"

Basi kila asubuhi alimkalisha kwenye kiti chake cha kunyolea, kioo mbele, taulo usoni, akambandika.

Leo Refa kaja amekunja suruali. "La kulia limenywea! Oneni!"

Vigelegele. Hata dada anayeuza mboga mlangoni kaacha mizani.

"Haya mtafiti," nikauliza, "kulia uliweka nini?"

Kinyozi akajibu: "Mchicha."

Dada wa mboga akapaza sauti: "Mchicha wa magoti huu! Wahini, unaisha!"

"Hebu ngojeni kwanza!" Kinyozi akajikuna kichwa. "Kulia kwake, au kulia kwa yule wa kwenye kioo?"

"Kwani ulikuwa unatazama wapi?" nikamuuliza.

"Kiooni! Mimi watu wote nawatazama kiooni. Hata mke wangu nikimwona ana kwa ana namshangaa."

"Mtafiti gani huyu, jamani!"

"Usinivunjie heshima, mimi nina leseni!"

"Ya kunyoa!"

Tukakaribia kushikana mashati. Refa akainua mkono, vile vile alivyokuwa akituliza uwanja.

"Kinyozi."

"Naam, mzee wangu."

"Majani yamebaki?"

"Yamebaki."

"Na mchicha?"

"Nao upo."

"Changanya vyote, unibandike la kushoto."

"Lakini mzee, tukichanganya hatutajua kamwe kilichokuponya!"

Refa akajikongoja hadi kwenye kiti, akaketi taratibu, akakunja suruali ya upande wa pili.

"Mwanangu atanishika mkono Jumamosi tucheze. Hataniuliza ni jani gani."

Kisha, kwa mazoea, akajifunika taulo usoni mwenyewe.